Usiku Mmoja Katika Nyumba ya Msituni

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno ya mwalimu yamechapwa hapa kama yalivyosomwa, ili mwanafunzi ayasome tena polepole.

  Natumaini kila mtu amekwisha kaa, na daftari liko wazi mbele yake.

Wiki iliyopita nilisema kwamba leo tutazungumza juu ya safari ya kwenda msituni pamoja na watoto, na kulala huko usiku mmoja. Baada ya somo lile mzee mmoja, ambaye shamba lake linapakana na msitu wa Aberdare, aliniuliza swali. "Mwalimu," alisema, "tembo alikula mahindi yangu bure, wala hakubisha hodi. Sasa wataka nitoe fedha zangu nikamtazame akinywa maji?" Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini swali lenyewe si la mzaha, na sikuwa na jibu siku ile. Basi somo la leo ni jibu langu kwake, na kwa kila mmoja wenu aliyejiuliza neno kama hilo moyoni.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: LOJI. Wanafunzi, liandikeni. Loji ni nyumba ya wageni iliyojengwa porini au msituni. Loji za mbugani, kama zile za Maasai Mara, humpa mgeni kitanda usiku, na mchana mgeni hupanda gari kuwafuata wanyama. Loji ya msituni ni kinyume chake. Msituni miti imesongamana na jicho haliendi mbali. Waweza kuzunguka na gari mchana kutwa usione ila mkia unaopotea kichakani. Kwa hiyo nyumba hujengwa mahali ambapo wanyama huja wenyewe, na mgeni hukaa kimya akiwangoja. Katika nyumba hiyo mtu ndiye aliyefungiwa ndani, na mnyama ndiye aliye huru nje.

Tutaitazama milima ya Aberdare katika Kenya, kwa kuwa nyumba za namna hii zilianza kupata sifa huko. Wakikuyu huiita Nyandarua. Jina la Aberdare liliwekwa mwaka wa 1884 na msafiri mmoja wa Kizungu, Joseph Thomson, kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa kwao Uingereza, ambaye hakuja hata kuiona. Sehemu ya milima hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka wa 1950. Chini kuna msitu mzito. Juu zaidi kuna mianzi. Na juu kabisa, kwenye baridi kali, kuna nyasi ngumu na mimea ya ajabu iliyorefuka kama watu waliosimama. Kutoka Nairobi mpaka mji wa Nyeri, ulio chini ya milima hiyo, ni mwendo wa kilomita 150 hivi.

Nyumba ya kwanza ya namna hii iliitwa Treetops, maana yake vilele vya miti. Ilijengwa mwaka wa 1932 na Mwingereza Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa na hoteli mjini Nyeri. Haikuwa nyumba kubwa. Ilikuwa kibanda cha mbao juu ya mti wa mugumo, kikitazama dimbwi la maji. Wageni walifika kwa miguu wakisindikizwa na mwindaji mwenye bunduki, na kando ya njia miti ilikuwa imepigiliwa ngazi, ili mtu akitokewa na nyati apande haraka. Tarehe 5 Februari 1952 binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alilala hapo pamoja na mumewe. Usiku ule ule baba yake, mfalme, alifariki dunia huko kwao. Kwa hiyo watu husema kwamba alipanda mtini akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia, ingawa yeye mwenyewe hakuipata habari mpaka alipokwisha ondoka hapo.

Habari hiyo husimuliwa kila mahali. Lakini iko habari nyingine ambayo haisimuliwi sana, nayo ni ya wazee wetu. Siku zile za ubaguzi, Mwafrika aliingia katika nyumba ile kubeba mizigo, kupika na kutandika vitanda. Hakuingia kama mgeni wa kukaa roshanini akatazama. Mwaka huo huo wa 1952, mwezi wa Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na msitu wa Nyandarua ukawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki pembeni mwa msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Mwaka wa 1954 Treetops iliteketezwa kwa moto na wapiganaji. Mwaka wa 1957 ilijengwa nyingine, kubwa zaidi, karibu na dimbwi lile lile. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto wako katika msitu huu leo, mwambie habari zote mbili, ya malkia na ya handaki. Babu wa watu wengi wa Nyeri aliujua msitu huu vizuri kuliko mgeni yeyote, ila hakuujua kwa starehe.

Sasa turudi kwa wanyama. Mtu atauliza: kwa nini waje mahali pamoja, na hali milima hii ina mito kila bonde? Jibu si maji peke yake. Jibu ni chumvi.

Nyinyi mnaofuga ng'ombe mnalijua jambo hili bila kufundishwa. Ng'ombe asipopewa chumvi hulamba ukuta, hulamba jembe, hata hulamba mkono wako wenye jasho. Milimani mvua ni nyingi, na mvua huosha chumvi ya udongo ikaipeleka mtoni. Basi majani ya huko ni mengi na mabichi, lakini chumvi yake ni haba. Tembo hula zaidi ya kilo 100 za majani na magome kwa siku, na bado mwili wake una njaa ya chumvi. Akipata mahali ambapo udongo wenyewe una chumvi, hupakumbuka, huwafundisha watoto wake njia, na hurudi miaka nenda, miaka rudi. Huchimba kwa pembe, akakusanya udongo kwa mkonga na kuutia kinywani. Nyati na pongo huja nyuma yake kulamba palipochimbwa. Pengine wenye loji huongeza chumvi yao juu ya ile ya asili. Chui na fisi hawana shida hiyo, kwa kuwa hupata chumvi katika nyama na damu ya wale wanaowala. Wao huja kwa maji, na kwa sababu wengine wako hapo.

Tena kuna jambo la kuangalia. Picha za zamani za Treetops zaonyesha miti mikubwa imelizunguka dimbwi. Baadaye miti hiyo ilikwisha, kwa kuwa tembo waliokusanyika hapo waliibambua magome na kuiangusha, mpaka ikabidi vipande vya ardhi vizungushiwe ua ili miche iote tena. Ukiwaita wanyama wengi mahali pamodja, mahali pale huumia. Hata kutazama kuna gharama yake.

Haya, tuseme sasa umeamua kwenda, wewe na mwenzako na watoto wawili. Jambo la kwanza ni fedha, na hapa ndipo kusoma kwako kutakapokufaa. Usifunge safari kwa maneno ya kusikia. Uliza kwanza kama nyumba unayoitaka inapokea wageni wakati huo, maana nyumba hizi hufungwa na kufunguliwa. Treetops yenyewe ilifungwa mwaka wa 2021, ugonjwa wa korona ulipowazuia wageni kusafiri. Kisha jua kwamba kuna malipo mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza ni ada ya kuingia Hifadhi, nayo hupokelewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Lakini lazima uonyeshe kitambulisho. Mwananchi aliyesahau kitambulisho nyumbani hana la kumthibitisha langoni. Tena ada hiyo hailipwi kwa noti na sarafu. Hulipwa kwa simu au kwa mtandao wa serikali, basi uwe umeweka fedha katika simu kabla ya kufika penye mtandao dhaifu.

La pili ni malipo ya loji. Hapo soma neno kwa neno. Je, bei ni ya chumba au ya kila mtu? Ina chakula cha jioni na cha asubuhi, au kitanda tu? Gari la kukupeleka msituni limo ndani ya bei? Watu wengi wamefurahia bei waliyoiona, wakatia sahihi, na asubuhi wakaletewa ankara iliyowatoa jasho. Kosa halikuwa la loji; maneno yalikuwa yameandikwa pale pale chini, kwa herufi ndogo. Mwanafunzi wa darasa letu huanza kusoma na herufi ndogo. Bei hupungua pia katika miezi ya mvua kubwa, Machi mpaka Mei, lakini njia huwa matope na ukungu hufunika kila kitu. Mimi ningengoja likizo ya Agosti, wakati watoto wako nyumbani na mvua imepungua, ingawa baridi ni kali.

Na baridi ni jambo la kweli. Loji hizi ziko karibu mita 2,000 au zaidi juu ya bahari, na usiku mtu hutaka sweta, kofia ya sufu na soksi nene. Mtu wa Mombasa asifikiri kwamba msitu wa Afrika ni joto. Kuhusu watoto, uliza umri. Baadhi ya nyumba hizi hazipokei watoto wadogo sana, si kwa dharau, bali kwa sababu mtoto mchanga akilia saa nane ya usiku, wageni wote wamepoteza usiku wao.

Nitakueleza sasa jinsi mambo yalivyo katika loji iitwayo The Ark, yaani Safina, iliyojengwa katika msitu huo huo na kupewa umbo la jahazi la Nuhu. Gari lako huliachi msituni. Wageni hukusanyika hoteli ya chini, upande wa Mweiga, wakala chakula cha mchana, kisha hupandishwa kwa basi. Njiani msitu huziba jua. Waangalie mbega, kima weusi wenye vazi jeupe mabegani na mkia kama mchirizi wa maziwa, wakiruka juu ya miti. Mwisho wa njia kuna daraja refu la mbao linalopita katikati ya vilele vya miti mpaka mlangoni. Hapo sauti hupunguzwa. Ndani kuna roshani zilizopangwa moja juu ya nyingine, zote zikitazama dimbwi na udongo wa chumvi. Chini kabisa kuna chumba cha mawe chenye madirisha membamba, ambamo mtu husimama usawa wa miguu ya tembo na kumsikia akipumua. Mpeleke mtoto huko, lakini mshike mkono.

Kabla ya jioni usiache dirisha wazi. Nyani na kima hawajui kwamba chakula kilicho mezani kwako kina mwenyewe. Wala usiwape kitu. Nyani aliyezoea kulishwa kwa mkono huanza kunyang'anya, na nyani anayenyang'anya mwisho wake ni kupigwa risasi. Mtoto anayemrushia ndizi haelewi hivyo, basi mweleze.

Na juu ya kimya. Wanyama wa dimbwini wamezoea taa, kwa kuwa taa huwaka usiku kucha wala haziwadhuru. Hawakuzoea kelele ya ghafula. Kiti kikiburutwa sakafuni, pongo watano hutoweka kama moshi. Faru haoni vizuri, lakini masikio yake na pua yake hazikosei. Tembo hunusa mbali sana. Ndiyo sababu moja nyumba hujengwa juu, ili harufu ya watu ipite juu ya vichwa vyao. Wiki moja kabla ya safari wafundishe watoto wako mchezo wa kukaa kimya baada ya chakula: dakika tano siku ya kwanza, kumi siku ya pili, na atakayesikia sauti nyingi zaidi za nje ndiye mshindi. Utashangaa. Watoto huuweza mchezo huu upesi kuliko baba zao.

Giza likiingia, nyati huja kwanza. Madume wazee hulala katika matope kama magogo, na watoto wako watauliza mbona hawafanyi kitu. Waambie wangoje. Pengine atatokea nguruwe mkubwa wa msituni, mweusi, mwenye manyoya marefu na uso mpana kama sinia. Mnyama mkubwa kiasi hicho hakujulikana kwa wataalamu wa Ulaya mpaka mwaka wa 1904, ingawa watu wa hapa walimjua siku zote. Kisha utaona nyati wanainua vichwa kwa pamoja. Hakuna sauti. Ukingoni mwa miti, mahali palipokuwa peusi tu, pamesimama tembo jike na nyuma yake wengine saba. Mnyama wa tani kadhaa amekuja bila kuvunja kijiti, kwa kuwa wayo wake una nyama laini kama mto wa kulalia. Mara nyingi nyati huondoka, wakinung'unika. Watoto wa tembo huwekwa katikati. Ukimtazama mama akimsogeza mwanawe kwa mkonga, mbali na matope yenye kina, utaona kwamba hakuna la kumweleza mtoto wako, ameona mwenyewe.

Huenda usiku wa manane mkasikia mlio wa kutisha juu ya miti, kama mlango mkavu unaofunguliwa, na halafu kama mtu anayenyongwa. Watoto watakukimbilia. Huyo ni perere, mnyama mdogo apandaye miti, mkubwa kama sungura tu na asiye na mkia. Mlio ni mkubwa, mwenyewe ni mdogo. Tuna jirani wa namna hiyo kila kijiji.

Wageni wakienda kulala, mlinzi wa loji hubaki macho. Akija mnyama wa nadra hupiga kengele vyumbani, na idadi ya milio yakujulisha ni mnyama gani. Utaelezwa mlangoni unapofika; sikiliza vizuri, andika. Niliwahi kuipuuza kengele hiyo. Nilikuwa nimepata joto kitandani nikajiambia, "Dakika mbili tu." Nilipofika roshanini wageni walikuwa wakipeana mikono. Chui alikuwa amekunywa maji, amejinyosha, na kwenda zake. Mke wangu aliyekwenda mara moja alimwona. Anaikumbusha habari hiyo mpaka leo, hasa mbele ya wageni.

Kengele ya bongo ni ya nadra kuliko zote. Bongo ni mnyama wa jamii ya pongo lakini mkubwa zaidi, mwekundu kama udongo wa Nyeri, mwenye mistari myembamba meupe ubavuni, na jike na dume wote wana pembe. Bongo wa milimani walio huru msituni wamebaki Kenya peke yake, nao hawafiki 100. Watu wamewawinda kwa mbwa na mitego, na msitu wao umekatwa. Kuna watoto zaidi ya 100 katika shule moja ya msingi ya kijijini. Fikiri hesabu hiyo.

Sasa nimjibu mzee wangu.

Mzee, tembo aliyekula mahindi yako na tembo huyu wa dimbwini ni mmoja. Sitakudanganya kwamba ni mnyama mpole. Ndiyo sababu kuanzia mwaka wa 1989 watu walianza kujenga ua wa umeme kuuzunguka msitu huu wote, chini ya uongozi wa chama kiitwacho Rhino Ark. Kazi ilichukua miaka 20. Ilimalizika mwaka wa 2009, na urefu wa ua ni karibu kilomita 400. Umeme wake hupita kwa mapigo mafupi. Humshtua mnyama bila kumwua. Mwanzoni ua ulikusudiwa kumlinda faru dhidi ya majangili, lakini wakulima waliona upesi kwamba unalinda pia viazi na kabichi. Hata hivyo ua ni kitu cha kutunzwa. Mti ukiuangukia, au mtu akikata waya ili apitishe mbao za wizi, tembo hulijua pengo hilo kabla ya mkarabati.

Na kwa nini tusiukate msitu wote, tembo akakosa pa kukaa? Fungua bomba mjini Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya mji ule hutoka milima ya Aberdare, kupitia mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Mto Tana, unaozungusha mitambo ya umeme kule Masinga na Kiambere, hupata maji yake katika milima hii na katika Mlima Kenya. Kisima chako wewe mwenyewe, mzee, kimeshikwa na mizizi ya msitu huo. Miti huupokea ukungu na mvua, udongo wake laini hunywa kama sifongo, na hutoa maji kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Ukiukata, maji huja yote siku moja, pamoja na udongo wa shamba lako.

Lakini kusema hivyo peke yake si haki. Mtu wa Nairobi anywa maji, mwenye loji apata wageni, nawe umelala macho shambani na debe la kupiga kelele. Basi jua na hili. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 yasema kwamba mtu aliyeuawa au kuumizwa na mnyama wa porini, na mtu aliyeharibiwa mazao au mali, aweza kudai fidia. Dai hupelekwa kwa ofisi ya Shirika la Wanyamapori iliyo karibu, nalo huchunguzwa na kamati ya kaunti. Fidia hukawia, watu wengi wamengoja miaka. Lakini dai lisiloandikwa halingoji hata siku moja, kwa sababu halipo. Toa habari upesi. Usifyeke mabua yaliyokanyagwa kabla afisa hajayaona. Andika tarehe, saa, zao, na ukubwa wa sehemu iliyoharibiwa. Piga picha ya nyayo kwa simu ya mwanao. Baki na nakala ya fomu, na uiweke mahali pakavu.

Nikasema mzee aende loji? La, hilo ni la kwake na la mfuko wake. Kama fedha ni za karo, zilipe karo. Mahali pengine mwaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni kwa ada ya lango tu, mkajibebea viazi na chai. Lakini amekwisha niambia jambo moja lililonifanya nifikiri. Mjukuu wake ana miaka tisa, amezaliwa mbele ya msitu ule, na hajamwona tembo ila kwa tochi, akikimbia. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani huko roshanini mtoto hukaa akamtazama muda gani?" Nikamwambia, usiku kucha akitaka.

Haya, kazi ya wiki hii. Someni barua ifuatayo kwa sauti, kila mtu mstari mmoja. Kisha kila mmoja aiandike upya kwa jina lake na watu wa nyumbani kwake. Waweza kuituma kwa posta au kwa simu. Maneno ni yale yale.

Kwa Meneja,
Salaam. Mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na miaka 11, tungependa kulala katika nyumba yenu usiku mmoja mwezi wa Agosti. Sisi sote ni raia wa Kenya. Tafadhali tujulishe kama mtoto wa miaka 6 anakubaliwa. Tungependa kujua pia kama bei yenu ni ya chumba au ya kila mtu, nayo ina chakula cha mara ngapi. Je, ada ya Hifadhi imo ndani yake, au tutailipa mbali? Wageni huchukuliwa kutoka wapi, na saa ngapi? Tukizuiwa na ugonjwa, je, fedha zetu zitarudishwa? Tutashukuru kupata majibu kwa maandishi.
Ni mimi, wako,

Hapo tia jina na sahihi yako.

Wale wanaoishi karibu na ua wa msitu wataandika barua ya pili, ya kutoa habari ya mazao yaliyoharibiwa. Sitawapa mfano. Maneno yote mnayoyahitaji yamo katika somo hili, yatafuteni. Walimu, kusanyeni madaftari Jumatano. Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu za jioni, tutajifunza kusoma ankara na risiti.

Kwaherini.